Shajara ya uwani: mwaka mmoja na ndege wa Uyole

Oktoba 6

Leo naanza rasmi. Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu iko barazani nyuma ya nyumba. Uwa wetu uko mbele ya macho yangu tangu saa moja asubuhi mpaka giza linapoingia. Miaka kumi na moja nimekaa hapa Uyole, Mbeya, nikishona huku ndege wakipita, na ungeniuliza yule ni ndege gani ningekujibu "ndege". Njiwa namjua, kunguru namjua, bundi namjua kwa sauti. Waliobaki wote ni videge tu.

Uwa wenyewe si mkubwa, hatua 30 kwa 20. Una mparachichi mmoja, mpera, migomba mitano, tuta la chainizi, waya wa kuanikia nguo, na uzio wa seng'enge upande wa nyuma. Ng'ambo ya uzio kuna kiwanja cha mtu ambaye hajajenga, nyasi zimefika kiunoni. Sisi wenye nyumba tunakilalamikia kila mwaka. Ndege wanakiona ndiyo sehemu nzuri kuliko zote.

Masharti niliyojiwekea: mwaka mmoja. Kila ndege mgeni anapewa namba, lakini lazima nimpige picha inayoonyesha jicho lake. Hana picha, hana namba. Na nisiache kushona.

Kamera ni ya kaka yangu, mpiga picha za harusi. Amenunua mpya, hii ya zamani ameniazima pamoja na lenzi ya 70–300, ya kuvuta vitu vya mbali. "Lakini siku nikibanwa na harusi naifuata," amesema. Sawa.

Oktoba 9

Picha 43. Matawi 30, anga 8, mkia wa kitu fulani 4, ndege mmoja.

Namba 1 ni shore. Kichwa cheusi kama aliyevaa kofia ya sufu, mgongo wa kahawia, na chini ya mkia kuna manjano kali ambayo sikuwahi kuiona miaka yote hii, ingawa huyu bwana anakula mapera yangu kila siku. Hilo la manjano limenishtua kidogo. Nimeshona mbele yake miaka kumi na moja.

Oktoba 20

Nimejifunza mambo matatu, yote kwa kukosea.

Kwanza, kumfuata ndege ni kumfukuza. Sasa sinyanyuki. Nimetundika kanga kuukuu kwenye nguzo za baraza, nimeikata tundu, lenzi inatokeza hapo. Kamera inakaa juu ya kimfuko cha maharage ya kilo mbili, haitikisiki kama mikono yangu. (Maharage ni ya kuliwa Desemba. Baba watoto ameuliza mara mbili.)

Pili, ndege hatui unapotaka wewe, ila unaweza kumpa pa kutua. Nimechomeka tawi kavu hatua nne kutoka barazani, chini yake nikaweka kisahani cha udongo chenye maji ya kina cha vidole viwili na jiwe katikati, na pembeni chenga za mchele na ulezi kidogo. Nyuma ya tawi pako wazi mpaka kwenye migomba, kwa hiyo picha inatoka na kijani laini nyuma badala ya ndoo na sufuria.

Tatu, chenga zisilale nje. Usiku wa kwanza zililala, panya wakaja, na asubuhi mama mkwe aliniangalia bila kusema neno. Sasa namwaga konzi moja asubuhi, konzi moja saa kumi, na kisahani nakisugua kila siku.

Namba 7.

Oktoba 28

Shida ya majina. Mama mkwe wangu ni wa Rungwe, ana jina la Kinyakyusa kwa karibu kila ndege anayekula nafaka, na hana jina lolote kwa asiyekula. Mama yangu, Mhehe wa Iringa, nimempigia simu nikamweleza ndege kwa rangi, akanipa jina jingine kabisa, kisha akaniuliza kama nina kazi. Mjukuu wa jirani, darasa la sita, ana majina yake na wenzake wa manati. Majina ya Kiswahili mengi yametoka pwani, na watu wa hapa hawayatumii. Programu ya simu inataja kwa Kiingereza na Kilatini.

Nchi ina aina za ndege zaidi ya 1,100, haiwezekani wote wawe "videge". Nimeamua kila namba iwe na jina la utani langu kwanza, la Kilatini baadaye nikithibitisha. Mpaka sasa nina Kofia (yule shore) na Miwani, kidege kidogo cha kahawia chenye mistari myembamba sana, kama kitambaa kilichofumwa kwa uzi mwembamba, mdomo mwekundu na mstari mwekundu unaopita machoni. Wanakuja kumi na tano kwa pamoja kutoka kile kiwanja. *Estrilda astrild*. Yupo pia Bucha, mweusi juu, mweupe chini, anayekaa kwenye seng'enge. Jumatatu nilimwona akichomeka panzi kwenye mwiba wa waya, akaondoka. Panzi alikaa pale siku mbili. Akarudi akamla.

Novemba 19

Mvua imeanza wiki iliyopita, na pamoja nayo amekuja Mkia.

Mwili wake haufiki urefu wa kidole cha kati, mkia karibu shibiri nzima. Mweusi juu, mweupe chini, mdomo mwekundu kama rangi ya kucha. Anatua kwenye waya wa nguo, mkia unaning'inia chini kama utepe uliosahauliwa kukatwa. Ni mkorofi. Akishuka kwenye chenga, Miwani wote kumi na tano wanaondoka, shore anaondoka, hata njiwa aliye mkubwa mara kumi kuliko yeye anasogea. Halafu hali sana. Anakaa tu kuzilinda, anachakura chini kwa kuruka mbele na nyuma, anapanda tena wayani.

Kumpiga picha ni kazi. Nikiweka mwanga wa kumfaa mweusi, tumbo jeupe linaungua, linatoka kama karatasi. Nikipunguza ili tumbo lionekane, mgongo unakuwa kivuli. Nimesubiri mawingu. Leo saa tisa wingu lilikaa sawasawa, naye akatua wayani, akanipa mgongo. Nikapiga hivyo hivyo, kageuza kichwa kidogo, jicho limeonekana. Namba 14.

Kiswahili wapo wanaomwita fumbwe. Kilatini *Vidua macroura*, na vidua kwa Kilatini ni mjane. Kwa nguo zile, naona aliyempa jina alikuwa anafikiria msiba. Mimi naona bwana harusi.

Picha nimeichapisha kwenye karatasi kubwa ya A4, nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Wateja wanaisifia. Najua kasoro yake, ni mgongo mtupu na miguu, lakini ndiyo ya kwanza ninayoweza kumwonyesha mtu bila kuanza na "samahani".

Novemba 24

Mnana wanajenga kwenye tawi la mpera, jozi moja peke yao. Nimewatundikia mabaki ya nyuzi kwenye uzio, nyuzi ninazo za kutupa. Dume alichukua mmoja, akaufikisha nusu ya njia, akauachia. Anataka nyasi mbichi tu. Nimeziacha pale, huenda mwingine atazihitaji.

Desemba 10

Chozi.

Wiki mbili nimempiga picha chozi mwenye mkia mrefu kwenye ua la mgomba, na wiki mbili nimepata ndege mweusi. Kwa macho ni kijani kama chupa ya soda, kwenye picha ni masizi. Nikadhani lenzi imeharibika. Nikampelekea kaka picha, akacheka: "Jua limekaa wapi?" Lilikuwa nyuma ya mgomba.

Nimesoma baadaye kwa nini. Rangi ile haimo ndani ya unyoya kama rangi ilivyomo kwenye kitambaa kilichochovywa. Ndani ya unyoya kuna tabaka nyembamba mno, mwanga ukizigonga kwa pembe fulani unarudi kijani, pembe ikibadilika haurudi kitu. Mtu aliyewahi kushona sateni anaelewa hili bila mwalimu: vipande viwili vya jora moja, kimoja umekilaza wima na kingine mlalo, ukiviunganisha mteja atasema umemwekea rangi mbili.

Kwa hiyo jua liwe mgongoni kwangu. Migomba iko mashariki mwa baraza, maana yake chozi ni kazi ya jioni. Jana saa kumi na moja kasorobo, kasi ya 1/1000 ya sekunde, nikampata: kijani kichwa mpaka kiuno, na alipoinua bawa, vishada viwili vidogo vya manjano ubavuni. Vishada! Vimefichwa kwapani kama bitana ya bei ambayo mvaaji tu ndiye anaijua. *Nectarinia famosa*, namba 19.

Desemba 23

Kidege cha kijani kibichi-manjano, nyusi nyeupe hafifu, hatulii hata sekunde mbili mparachichini. Picha 112, moja ina jicho. *Phylloscopus trochilus*. Huyu anazaliwa Ulaya na Asia ya kaskazini, anakuja huku kukwepa baridi yao. Uzito wake ni gramu 10 hivi, vijiko viwili vidogo vya sukari. Mama mkwe nilipomweleza ametoka wapi alitazama juu ya mti muda mrefu, akasema, "Na amekuja Uyole?"

Namba 22.

Januari

Sare za shule. Sketi za bluu 61, kaptula 40. Hakuna ndege mwezi huu.

Februari 14

Mjukuu wa jirani amekuja na manati shingoni. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ni ya nini?"

"Ya kutembelea tu."

Sikumhubiria. Nilimwonyesha picha kwenye kioo cha kamera, akazipitia zote kimya, akafika kwa Miwani akasema, "Kiota cha hawa nakijua. Kina ghorofa."

Nilidhani ananitania. Tukaenda kwenye kile kiwanja, akafunua nyasi kwa kijiti kwa uangalifu ambao sikuutegemea kwa mtu mwenye manati. Kiota kiko karibu chini kabisa, mviringo kama chungu kilicholala, nyasi kavu, mlango wake ni kijibomba kidogo ubavuni. Na juu yake kweli kuna cha pili, kimejengwa ovyo ovyo, kama kibanda cha mlinzi. Nimesoma kwamba Miwani hujenga hivyo mara nyingi. Ndege hatagi kwenye cha juu, mayai yako chini.

Aliangaza kwa tochi ya simu: mayai sita meupe, na mawili kati yake ni makubwa kidogo kuliko mengine. Hatukugusa, tukarudishia nyasi.

Hapo ndipo niliposoma habari nyingine ya Mkia na nikamkasirikia kwa siku nzima. Jike wa Mkia hajengi. Anataga kwenye kiota cha Miwani, na Miwani analea. Kifaranga mgeni ndani ya mdomo wake ana alama zinazofanana na za watoto wa mwenye nyumba, akifungua kinywa mama haoni tofauti, analisha. Angalau hatupi wenzake nje kama watoto wa kekeo, ndege mwingine anayetaga kwenye viota vya wenzake, wanavyofanya. Wanakua pamoja.

Kwa hiyo mbabe anayewafukuza Miwani kwenye chenga alilelewa na Miwani.

Kijana kaacha manati kwangu "kwa muda". Nimemwajiri: kila kiota anachokipata ananiambia, hagusi, namlipa andazi.

Machi 8

Msiba. Nilipeleka kadi ya kamera kwenye duka la kuchapa, kijana wa pale akaichomeka kwenye kompyuta, ikauliza kitu, akabonyeza ndiyo. Kadi tupu. Picha zote za Oktoba mpaka leo, zaidi ya 2,000. Akaniambia, "Lakini sasa ina nafasi nyingi."

Nilizokuwa nimetuma kwa simu zimebaki, kumi na tisa. Na ile ya ukutani. Namba sizifuti, niliziona na daftari linashuhudia, lakini kuanzia sasa kila jioni nahamishia kwenye simu ya binti yangu kabla ya chakula.

Aprili 17

Bundi kwenye mparachichi, usiku wa tatu mfululizo. Jirani wa upande wa barabara alifika asubuhi, hata chai hakutaka. "Mama fundi, huyo mgeni wenu mmwondoe, kwangu kuna mgonjwa."

Nikamwambia anafuata panya. Nikamwambia panya wamepungua tangu aje, jambo ambalo ni kweli kabisa. Akasema hilo yeye halijui, anachojua ni kwamba alilia juu ya bati lake. Kubishana na mtu mwenye mgonjwa si uungwana. Nilimfungashia maparachichi, nikaenda kumsalimia mgonjwa, na usiku ule bundi hakuja mwenyewe. Mgonjwa anaendelea vizuri. Bundi sina picha yake, hana namba.

Mei 20

Mvua imekata. Mkia hayupo tangu mwanzoni mwa mwezi. Chenga sasa ni za wote. Katikati ya Miwani kuna videge vya michirizi ya kahawia kama shomoro, vichwa vina mapande meusi na ya rangi ya mchanga, na vichache vina mdomo mwekundu. Nimewaita Mdomo. Namba 31.

Juni 23

Baridi. Nashona na koti, miguu kwenye blanketi. Vioo vya lenzi vinaota ukungu nikiingia ndani na kamera yenye baridi, kwa hiyo inalala barazani ndani ya mfuko wenye mchele mkavu. Maji ya kisahani yanavuta ndege kuliko chenga, kila mahali pamekauka. Leo niliona kitu cha ajabu, chozi wa kahawia hafifu mwenye mkia mrefu na mabaka machache ya kijani, kama koti lililoliwa na nondo. Namba 34.

Julai 5

Njiwa mmoja alikuwa anachechemea kwenye chenga siku ya pili. Kijana akamvizia kwa ungo, akamnasa. Nilimshika mwenyewe: moyo unamdunda mkononi mwangu kama cherehani iliyoachwa bila mguu wa kuizuia. Kidole chake kimevimba, cheusi, kimezungukwa na kitu kilichozama kwenye nyama. Nikachukua mkasi mdogo wa kufumulia na koleo la nyusi la binti yangu. Dakika kumi. Nikakitoa, nikakiweka kwenye kitambaa cheupe ili nikione.

Uzi. Bluu ya sare.

Kijana hakusema neno. Njiwa aliruka mpaka kwenye mpera, akakaa hapo mpaka jioni.

Nimefagia uwa wote, na uzio. Mvua na upepo vilikuwa vimezishusha zile nyuzi za Novemba, nyingine nilikuwa nazikung'uta mwenyewe kila jioni na mkeka bila kufikiri. Nimejaza kopo la kilo moja. Kuanzia leo kila uzi unaingia kwenye ndoo yenye mfuniko.

Julai 9

Tangu juzi natazama miguu tu. Nimepitia picha zote za tangu Machi nikizikuza, mguu kwa mguu. Njiwa wengine wawili wana kucha pungufu. Na mmoja wa Mdomo, aliyetua wayani kanigeuzia mgongo: vidole vitatu vya mbele viko, cha nyuma cha mguu wa kushoto hakuna. Kuna kinundu tu.

Niliendelea kushona. Baada ya pindo mbili hivi niliinua kichwa, na mbele yangu ukutani yuko Mkia, kanigeuzia mgongo, juu ya waya huo huo. Nikasimama juu ya kiti. Mguu wa kulia una kidole cha nyuma. Wa kushoto hauna.

Mdomo mwekundu ule ule. Umbo lile lile, ukiondoa mkia. Nikasoma, na imeandikwa wazi mahali ambapo ningeweza kusoma Novemba: dume wa *Vidua macroura* mvua zikiisha hunyonyoka zile nguo, mkia na weusi wote, anabaki na michirizi ya kahawia kama jike, mpaka msimu ujao. Namba 14 na namba 31 ni mtu mmoja. Fundi mzima, ninayepima watu mabega na kuwajua hata wakija na nguo za kuazima, nimemwandikisha mteja mmoja mara mbili kwa sababu amebadilisha nguo.

Na yule chozi wa koti la nondo, bila shaka ni namba 19. Naye dume lake hubadilisha.

Kwa hiyo leo nimefuta namba mbili. Nina 32. Binti yangu anauliza kwa nini nafurahi wakati zimepungua.

Kidole kile kilikatikaje sijui. Novemba 19, siku niliyopiga ile picha, nyuzi za uzio nilikuwa sijazitundika bado. Lakini mkeka nilikuwa nakung'uta kila jioni miaka kumi na moja, na yeye hula kwa kuchakura.

Septemba 30

Nimesubiri. 33 sasa, keremkerem wakipita juu kwa kundi. Mwaka unaisha wiki ijayo, lakini sifungi daftari mpaka nimwone akivaa.

Oktoba 31

Kaka alikuja Ijumaa, amebanwa, harusi mbili Iringa, kaondoka na kamera.

Leo saa tatu asubuhi yuko wayani. Mabaka meusi yameanza mgongoni, tumbo jeupe limetoka upande mmoja tu, na mkiani zimechomoza mbili nyeusi. Mguu wa kushoto bila kidole cha nyuma. Alikaa muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa.

Nilichukua daftari la vipimo, ukurasa wenye gauni la mama mmoja wa Igawilo, nikamchora kwa kalamu pembeni ya kiuno na urefu. Halafu nikanyoosha futi kamba hewani, jicho moja nimefumba, nikaandika: mkia, inchi moja na nusu.